Kupoza kwa Maji Ndani ya Kasha Dogo: Nyuzi Zinakopotelea

Mfumo wa kupoza kompyuta kwa maji hauliondoi joto, bali unalihamisha. Prosesa hugeuza karibu umeme wote inaoutumia kuwa joto. Bloku ya shaba iliyokaa juu yake hulipokea joto hilo, maji hulibeba hadi kwenye rejeta, na feni hulitupa hewani. Katika kasha kubwa, hatua moja ikiwa dhaifu hufidiwa kwa kuongeza rejeta ya pili, hata ya tatu. Kasha dogo halina nafasi hiyo. Kwa hiyo kazi huanza kwa kupima, si kwa kununua: katika njia ya kutoka silikoni hadi chumbani, kila nyuzi inapotelea wapi?

Mfano unaofaa kuchambuliwa ni prosesa ya Intel Core i9-9900K ndani ya kasha la NCASE M1. Kasha hilo la alumini lina ujazo wa lita 12.6, linabeba ubao mama wa Mini-ITX wenye sentimita 17 kwa 17, na ubavuni mwake lina mahali pa rejeta moja ya milimita 240 yenye feni mbili. Prosesa yenyewe ilitoka mwaka 2018 ikiwa na viini 8, na kwenye karatasi imeandikiwa wati 95. Ikipandishwa hadi gigahezi 5.0 kwenye viini vyote kwa volti 1.3 hivi, mzigo mzito huifikisha karibu wati 200. Ongezeko hilo halitokani na kasi peke yake. Umeme unaoliwa na saketi hupanda sawasawa na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volti, na kasi ya juu hudai volti zaidi ili prosesa isikwame. Volti ndiyo hupandisha joto kupita matarajio ya mwenye mashine.

Katika mnyororo mzima, maji ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote. Lita moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2 ili ipande nyuzi moja, ilhali lita moja ya hewa huhitaji juli 1.2 tu. Maji yakipita kwa lita 3 kwa dakika huku yakibeba wati 200, yanatoka kwenye bloku yakiwa yamepanda chini kidogo ya nyuzi moja. Pampu ikifanywa kusukuma lita 6, faida kwa hesabu hiyo ni nusu nyuzi. Hata lita moja kwa dakika inaongeza nyuzi 3 hivi tu. Ndiyo sababu kuhangaikia mpangilio wa mpira, yaani maji yafike kwanza kwenye prosesa au kwanza kwenye rejeta, hakuna tija: ndani ya mzunguko mmoja maji yana halijoto ileile karibu kila mahali. Mpangilio bora ni ule wenye mipira mifupi na mikunjo michache, basi. Pampu kubwa zaidi nayo ni matumizi mabaya ya fedha, isipokuwa pale ya zamani iliposhindwa kabisa kupitisha maji kwenye vijia vyembamba vya bloku. Tena wati zinazoliwa na pampu huishia kwenye maji yaleyale yanayotakiwa kupoa.

Kifaa cha bei ndogo chenye manufaa makubwa katika kazi hii ni kihisi cha halijoto ya maji, cha aina ya kiloomu 10, kinachofungwa kwenye tundu moja la mzunguko na waya wake kuchomekwa kwenye ubao mama. Bila hicho, mtumiaji huona namba moja tu, ile ya viini vya prosesa, na namba moja haimwambii kosa liko upande gani. Kihisi kikiwepo, safari ya joto inagawanyika vipande viwili: tofauti kati ya viini na maji, na tofauti kati ya maji na hewa ya chumba.

Chukulia chumba kiko nyuzi 28, maji yametulia kwenye 42, na viini vinasoma 88 wakati prosesa inakula wati 200. Kati ya chumba na maji zimepotea nyuzi 14. Kati ya maji na viini zimepotea 46. Hata rejeta ingekuwa kubwa kama mlango, viini visingeshuka chini ya 74, kwa kuwa rejeta haiwezi kugusa zile 46. Anayekimbilia kununua rejeta nene au feni za ghali kwa prosesa ya namna hii anashughulikia robo tu ya tatizo na kuacha sehemu iliyo kubwa.

Zile nyuzi 46 zimejificha ndani ya unene wa milimita chache. Kipande cha silikoni cha 9900K kina eneo la takriban milimita za mraba 175, kwa hiyo kila milimita ya mraba inapitisha zaidi ya wati moja. Joto linalosongamana kiasi hicho hupoteza nyuzi nyingi kwenye kila tabaka linalopita: silikoni yenyewe, lehemu iliyo chini ya kifuniko cha metali, kifuniko chenyewe, pesti iliyo juu ya kifuniko, kisha kitako cha bloku. Intel ilikuwa imeacha lehemu kwenye prosesa zake za kawaida za mezani tangu mwaka 2012, ikaweka pesti chini ya kifuniko. Wenye Core i7-8700K ya mwaka 2017 walifungua kifuniko, wakaweka metali kimiminika mahali pa pesti, na kushusha halijoto kwa nyuzi 10 hadi 20. Kwenye 9900K lehemu ilirudi, lakini silikoni ilikuja nene zaidi, na unene huo ulikula sehemu ya faida. Intel yenyewe ilithibitisha kwa vitendo kwamba unene ni tatizo: kwenye 10900K ya mwaka 2020 ilipunguza unene wa silikoni na kuongeza shaba ya kifuniko.

Metali kimiminika ni mchanganyiko wa galiamu, indiamu na bati. Watengenezaji huipa uwezo wa kupitisha joto mara kadhaa zaidi ya pesti nzuri. Ina masharti yasiyopuuzwa. Hula alumini, kwa hiyo haiwekwi kabisa mahali penye kitako cha alumini. Hupitisha umeme, kwa hiyo vipande vidogo vilivyo pembeni ya silikoni hufunikwa kwanza kwa utepe usiopitisha umeme au rangi ya kucha. Shaba tupu huinyonya taratibu hadi ikauke, na uso uliopakwa nikeli huistahimili vizuri zaidi. Kwa 9900K yenye lehemu, kufungua kifuniko ni kazi ya hatari kwa faida ndogo kuliko ya 8700K. Busara ni kumaliza kwanza yaliyo rahisi juu ya kifuniko.

Yaliyo rahisi yanaanzia kwenye skrubu nne. Bloku ikiinuliwa baada ya kutumika, pesti iliyobaki inaeleza yote. Alama nzuri ni nyembamba katikati, karibu rangi ya metali ionekane, huku ziada ikiwa imesukumwa hadi kingoni. Pesti iliyorundikana katikati na kukonda pembeni inaonyesha kwamba kifuniko au kitako kina bonde, na iliyo nene upande mmoja inaonyesha skrubu zilizokazwa kwa upande. Dawa ya kosa hilo la pili haina gharama: pesti mpya, kisha skrubu zikazwe kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja kwa zamu, hadi zote zifike mwisho. Bloku nyingi nzuri zina kitako chenye mbinuko mdogo wa makusudi ili shinikizo liangukie juu ya silikoni. Mwelekeo wa bloku nao una maana, maana silikoni ya 9900K ni ndefu na nyembamba, na bloku yenye njia ya kuingilia katikati hufanya kazi vizuri zaidi ufa wake wa kupulizia maji ukilala juu ya safu ya viini.

Hesabu hubadilika kabisa kadi ya michoro inapoingizwa kwenye mzunguko huohuo. Chipu ya kadi haina kifuniko na eneo lake ni kubwa. Ile ya RTX 2080 ina milimita za mraba 545, zaidi ya mara tatu ya 9900K, kwa hiyo tofauti kati yake na maji ni ndogo. Ila inaleta wati zake 215. Kwa rejeta ileile iliyopoteza nyuzi 14 kwa wati 200, jumla ya wati 415 inadai nyuzi 29, na maji yanafika 57 chumba kikiwa 28. Pampu nyingi zina kikomo cha nyuzi 60, na mipira laini huanza kulegea kwenye viungio. Hapo rejeta, ambayo awali ilikuwa robo ya tatizo, inakuwa tatizo lenyewe. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari bila kiyoyozi kinaweza kupita nyuzi 31, na kila nyuzi ya chumba inaongezeka moja kwa moja kwenye maji na kwenye viini.

Upande wa rejeta, kinachokosekana ni hewa. Mita za ujazo 100 za hewa kwa saa zikipita kwenye rejeta na kubeba wati 200, hupanda nyuzi 6. Ikiwa theluthi ya hewa hiyo ya moto itageuka na kuvutwa tena na feni zilezile, hewa inayoingia itakuwa nyuzi 3 juu ya chumba, na maji yatapanda nyuzi 3 hizohizo. Katika kasha dogo jambo hilo hutokea kila siku, kwa kuwa matundu ya kuingizia na ya kutolea yako karibu na hewa hufuata njia fupi. Utepe wa sponji ukibandikwa kuzunguka feni na rejeta, mahali popote vinapoachana na ukuta wa kasha, hewa hulazimika kupita katikati ya mapezi ya rejeta badala ya kuzunguka pembeni. Hakuna marekebisho ya bei nafuu kuliko hayo upande huu, na ndiyo yanayosahauliwa zaidi.

Unene wa rejeta na feni unahitaji uamuzi wa milimita kwa milimita. Rejeta ya milimita 27 hadi 30 na feni ya kawaida ya 25 zinakaribia milimita 55 kwa pamoja. Wengi hushawishika kuweka rejeta nene na feni nyembamba za milimita 15. Mara nyingi ni biashara ya hasara: mapezi yanaongezeka, lakini feni nyembamba hazina shinikizo la kuisukuma hewa ipite katikati yake. Rejeta nyembamba yenye mapezi yasiyobanana sana, pamoja na feni kamili zilizotengenezwa kwa shinikizo, hushinda kwa ubaridi na kwa utulivu wa sauti.

Feni zivute hewa kutoka nje au zitupe ya ndani? Zikivuta, rejeta hupata hewa ya chumba iliyo baridi kuliko yote na maji hushuka, ila hewa hiyo ikishapata joto humwagikia sehemu ya kurekebisha umeme ya ubao mama na hifadhi ya M.2, ambazo hazina maji. Zikitupa nje, rejeta hutumia hewa iliyokwisha kupashwa na kadi ya michoro. Kadi ikiwa imo kwenye mzunguko wa maji, ndani ya kasha hubaki joto dogo, na kutupa nje hakugharimu sana mradi feni za chini zilete hewa safi. Kadi ikiwa na feni zake yenyewe, rejeta inapaswa kuvuta hewa ya nje.

Umajimaji wenyewe hauhitaji ufundi. Maji yaliyotoneshwa yakitiwa dawa ya kuzuia mwani na kutu yanatosha. Wanaoyanunua madukani kama maji ya betri wahakikishe si yale ya asidi. Maji ya rangi yanayouzwa kwa mapambo hayafai hapa, kwani chembe zake hutuama kwenye vijia vya bloku vyenye upana wa sehemu ndogo ya milimita. Mipira ya PVC laini nayo huachia kemikali inayotengeneza utando mweupe mahali palepale, na mipira ya EPDM haina tabia hiyo. Shaba na alumini zisikutanishwe katika mzunguko mmoja wa kujijengea, kwa maana alumini italiwa. Hewa iliyobaki wakati wa kujaza hutolewa kwa kuinamisha kasha huku na huku pampu ikifanya kazi, na pampu isiwe sehemu ya juu kuliko zote, mahali viputo hukusanyika.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, ipo hatua inayofanyika kwenye menyu ya ubao mama. Volti ikishuka kutoka 1.30 hadi 1.20 na kasi kutoka gigahezi 5.0 hadi 4.8, umeme wa prosesa hupungua kwa asilimia 18 hivi. Zile wati 200 zinakuwa 164, na tofauti ya nyuzi 46 inakuwa kama 38. Hasara ya kasi ni asilimia 4. Ndani ya lita 12.6 biashara hiyo ni vigumu kuikataa.

Kila badiliko lipimwe peke yake, kwa mzigo uleule na mizunguko ileile ya feni, na halijoto ya chumba iandikwe kila mara. Maji huchelewa kutulia, na kasha huchelewa zaidi. Kipimo cha dakika 3 hudanganya, cha nusu saa kinaaminika. Feni nazo ziongozwe na halijoto ya maji, si ya viini. Viini hupanda nyuzi 20 kwa kufumba na kufumbua programu inapofunguliwa, na feni zinazovifuata hupiga kelele bure, kwa kuwa maji bado hayajasogea hata nyuzi moja. Tofauti mbili za mwanzo zikiandikwa zingali mpya, miezi ijayo zitaonyesha kilichoharibika. Ya maji na chumba ikipanda, vumbi limeziba mapezi au kichujio. Ya viini na maji ikipanda, pesti imekauka, vijia vya bloku vimeanza kuziba, au pampu imechoka.