Kupevuka kwa Rosa

Tukitazama namna riwaya ya Rosa Mistika inavyofundishwa, twaona kwamba Rosa hutumiwa zaidi kama onyo kuliko kama mtu. Mwanafunzi huulizwa ataje athari za malezi mabaya, naye huorodhesha ulevi wa baba, ukali uliopita kiasi, uasherati, kisha kifo. Alama hutolewa na kitabu hufungwa. Riwaya hii ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa muda kabla ya kuruhusiwa, yastahili kusomwa kwa utulivu zaidi ya huo.

Rosa analelewa Namagondo, kisiwani Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi aliyemwachia mkewe Regina mzigo wote wa nyumba. Ila katika jambo moja yeye ni mlezi mkali, nalo ni kumtenga bintiye na wanaume. Barua ya Charles inapogunduliwa, Rosa anapigwa vibaya. Na tuangalie anachojifunza hapo. Hajifunzi kupima tabia ya mtu, wala kukataa au kukubali kwa sababu zake mwenyewe. Anajifunza kuogopa fimbo. Afikapo shule ya bweni, mahali ambapo fimbo ya Zakaria haifiki, hana cha kumwongoza. Twasema kwamba Rosa ameharibika. Lakini ni lini aliumbwa?

Wasomaji wetu wa Tunduma hawahitaji kuvuka Ziwa Victoria ili kulielewa jambo hili. Msichana atokaye kijiji cha Mbozi, katikati ya kahawa na mahindi, akapangishiwa chumba mjini ili awe karibu na sekondari ya kutwa, huingia katika mji wa mpakani wenye misururu ya malori yaendayo Zambia, wabadilishaji fedha na wageni wa kila siku. Rosa walau aliishi bwenini.

Hapa tuna lawama kwa mwandishi. Safari ya Rosa kutoka woga hadi ujasiri wa kupindukia inakwenda mbio mno. Twaambiwa amebadilika, lakini mara chache twaachwa tusikie anavyojadiliana na nafsi yake. Pengine ndiyo maana walimu humgeuza onyo kwa urahisi.

Hata hivyo, sehemu inayopitwa haraka darasani ndiyo tuionayo kuwa kiini. Baada ya masomo ya ualimu Morogoro, Rosa anaamua kuyaacha maisha yale. Hakuna fimbo iliyomlazimisha. Huko ndiko kupevuka kwake, kwani kwa mara ya kwanza anajichagulia njia. Charles anarudi akitaka kumwoa, kisha anamkataa kwa ajili ya yaliyopita, na Rosa anajiua. Kijana msomi anamhukumu kwa mambo aliyoyatenda kabla hajajua kujiamulia, na uamuzi wenyewe hauhesabu.

Tangu mwaka 2021 msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito ameruhusiwa kurudi katika shule za Serikali. Darasani Vwawa au Tunduma huenda yumo mmoja, akiisoma riwaya hii pamoja na wenzake. Mwalimu anapomaliza kuorodhesha makosa ya Rosa ubaoni, msichana huyo ayanakili katika daftari lake?