Beki mfupi aliyezaliwa Desemba

Masika yakiisha hapa Kidodi, mkoani Morogoro, miwa huanza kuvunwa. Mashamba huchomwa kwanza, na majivu meusi hutua hadi kwenye kiwanja ambako jioni vijana wanagombania mpira, mmoja kavaa daluga, mwenzake yuko peku. Barabara ya kutoka Mikumi kwenda Ifakara inapita hapo hapo. Malori ya miwa yanapita, mabasi yanapita, na skauti wa klabu kubwa naye, kama yupo ndani ya basi, anapita. Anayeshuka kwa kawaida hukaa dakika 90, huondoka na jina la mshambuliaji mrefu aliyefunga mawili, na hatumsikii tena huyo mrefu wala skauti mwenyewe.

Nataka kueleza kazi hii inavyofanywa vizuri, na mfano ninaoushika ni wa Morogoro hii hii: Dickson Job.

Mei 2017, Serengeti Boys walikwenda Gabon kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, wakiwa na kocha Bakari Shime. Nahodha alikuwa Job, beki wa kati ambaye kimo chake si kile tulichozoea kukidai kwa mtu wa nafasi hiyo. Walitoka 0-0 na Mali, wakaifunga Angola 2-1, wakafungwa 1-0 na Niger, safari ikaishia kwenye makundi. Wengi tulibaki na uchungu wa lile bao la Niger. Mchambuzi alipaswa kubaki na ile sare ya kwanza, kwa sababu Mali ndiyo iliyotwaa kombe. Safu ya ulinzi iliyoongozwa na beki mfupi ilicheza na bingwa bila kuruhusu bao.

Sasa tazama tarehe. Sifa ya kucheza Gabon ilikuwa kuzaliwa 1 Januari 2000 au baada ya hapo. Tarehe rasmi ya Job ni 29 Desemba 2000. Kijana wa Januari na kijana wa mwisho wa Desemba huandikwa kundi moja, lakini katikati yao kuna karibu mwaka mzima wa mifupa na misuli. Nchini Kanada, Roger Barnsley na wenzake walionyesha mwaka 1985 kwamba wachezaji wa hoki ya barafu waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi kupita kiasi kwenye timu za juu. Makocha walidhani wanachagua kipaji, kumbe mara nyingi walichagua waliotangulia kukua. Kwa hiyo mtoto wa Desemba anayehimili vishindo vya wenzake wa Januari amekwisha kutuambia jambo kubwa, maana amekosa nguvu ya kumfichia makosa na bado hapitwi. Ndiyo sababu kwenye daftari langu mwezi wa kuzaliwa unaandikwa kabla ya kimo.

Bila shaka hesabu hiyo inaharibika ikiwa tarehe ni ya uongo. Vijeba, yaani waliopita umri wanaojiandikisha kama watoto, ni ugonjwa wa soka letu la vijana, na Serengeti Boys hao hao waliingia Gabon kwa sababu ya kesi ya umri: Kongo Brazzaville waliondolewa baada ya mchezaji wao, Langa-Lesse Bercy, kutofika kwenye kipimo alichoitiwa na CAF kufuatia malalamiko ya Tanzania. Kipimo chenyewe ni picha ya MRI ya kifundo cha mkono, ambayo FIFA ilianza kuitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana la 2009. Mfupa ukishafunga kabisa, ni nadra sana mwenye nao awe chini ya miaka 17. Kiwanja cha Kidodi hakina mashine hiyo. Kina walimu. Muulize mwalimu kijana alimaliza darasa la saba mwaka gani, alirudia darasa au hapana, na nani alisoma naye dawati moja. Majibu ya watu watatu wasiokaa pamoja yanatosha kukuonyesha kama cheti kinasema kweli.

Baada ya hapo ndipo tunaangalia mpira, na hapa skauti wengi wanaufuata mpira badala ya kumfuata mchezaji. Mimi humchagua mmoja na kumkazia macho dakika 15 mfululizo, hata mpira ukiwa golini upande wa pili. Nahesabu anageuza shingo mara ngapi kabla mpira haujamfikia. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, aliwafuatilia kwa kamera wachezaji 118 wa Ligi Kuu ya Uingereza katika sekunde 10 za mwisho kabla ya kupokea mpira, akakuta kwamba waliotazama huku na huku mara nyingi zaidi ndio waliofikisha pasi nyingi zaidi. Kwa beki naongeza jambo la pili: hatua yake ya kwanza. Kiungo wa wapinzani anapoinua mguu kupiga mpira mrefu, je, beki ameshageuza nyonga, au anasubiri mpira upite juu ya kichwa ndipo akimbie? Beki mfupi asiyesoma mchezo hachezi mechi tatu bila kuumbuka. Ukimwona mfupi ana msimu mzima na bado anategemewa, tafuta anachokiona mapema kuliko wengine.

Uwanja nao unadanganya. Kwenye kipara kilichojaa mashimo mpira unadunda kwenda unakotaka wenyewe, kwa hiyo pokeo baya la Kidodi si lazima liwe pokeo baya kwenye kapeti. Sihesabu mpira uliomtoroka. Naangalia alivyojiweka kabla haujafika na alichofanya sekunde mbili baada ya kumtoroka. Vitu hivyo anaweza kuhama navyo kutoka udongo kwenda nyasi. Chenga zinazotegemea kumjua vizuri beki wa kijiji jirani hazihami.

Kuna kosa moja nimelifanya mwenyewe na bado linaniuma. Niliandika "hana pumzi" mbele ya jina la kijana aliyezima dakika ya 60. Baadaye nikaambiwa kwamba siku ile alikuwa shambani anakata miwa tangu alfajiri. Niliporudi kumtafuta alikuwa ameacha mpira. Tangu hapo, kwa mchezaji wa bonde hili, kabla sijaandika neno kuhusu pumzi nauliza leo ameamkia wapi, na najaribu kumwona tena nje ya msimu wa mavuno.

Hoja ambayo daima hutolewa dhidi ya wachezaji wa namna hii ni kwamba wamecheza na dhaifu. Wamarekani wanaijua vizuri hoja hiyo. Katika mpira wao wa kubeba mikononi, kila mwaka klabu hupokezana zamu kuchagua vijana kutoka vyuoni, na wa vyuo vidogo hupimwa kwa wasiwasi mkubwa. Jerry Rice alitoka Mississippi Valley State, chuo kidogo, na mbio zake zilitiliwa shaka. Kocha Bill Walsh wa San Francisco alimwona kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya hoteli mjini Houston mwaka 1984. Mwaka uliofuata klabu yake ilibadilishana zamu na New England ili imchukue, akawa wa 16. Alistaafu akiwa na yadi 22,895 za mipira aliyodaka, rekodi ya ligi hiyo. Udhaifu wa wapinzani unaweza kumpa mtu nafasi ya kukimbia, lakini mikono inayodaka na wakati sahihi wa kugeuka ni vyake mwenyewe.

Mtibwa Sugar ya Manungu, klabu ya miwa kama sisi tulivyo watu wa miwa, bingwa wa Tanzania 1999 na 2000, imekuwa na jibu zuri kwa hoja hiyo: humwekea kijana ngazi. Timu yake ya chini ya miaka 20 imetwaa ligi ya vijana zaidi ya mara moja, na Job alipewa mechi za Ligi Kuu kabla hajafikisha miaka 20. Kibwana Shomari, mwenzake wa Gabon, alikwenda Yanga kutoka hapo hapo mwaka 2020, na Job akafuata dirisha dogo la msimu wa 2020/21. Juni 2023 Yanga ilimaliza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika sare ya 2-2 na USM Alger kwa jumla, ikalikosa kombe kwa mabao ya ugenini. Katika safu ya ulinzi ya kikosi hicho alikuwamo yule beki wa Desemba.

Kijana wa Kidodi hana ngazi ya kwanza karibu. Kilosa ni wilaya kubwa, na kwenye mchujo wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, anaweza kuachwa kwa sababu ya siku moja ya homa au ya kukosa nauli. Ningekuwa na bajeti ya klabu, nisingemwita kwenye majaribio ya siku moja pamoja na vijana 200. Ningemlipia nauli na chakula cha wiki mbili Manungu. Siku tatu za kwanza angekula, angelala na kuzoea nyasi, nami nisingeandika chochote. Siku ya nne ningempanga dhidi ya mshambuliaji wa kikosi cha kwanza, nikae nyuma ya goli na kuanza kuhesabu shingo.