Nguvu au Uelekevu? Istilahi ya Usaili wa Mawakili

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Tangu hapo istilahi za uwakili zimezidi kuhitajika, hata katika ofisi za mawakili zinapotafuta wafanyakazi. Namna mojawapo ya kuwatafuta, iliyokwisha kuzoeleka kwa waajiri wa Uingereza, ni usaili unaopima yale ambayo mwombaji huyafanya vizuri na kwa kupenda, badala ya kumtaka asimulie tu kazi alizowahi kufanya. Jina la usaili huo halijatulia katika Kiswahili. Makala haya yahakiki maneno matatu yanayoelekea kutumiwa.

Kwanza, nguvu. Hii ni tafsiri sisisi. Tena neno hili lina kazi yake katika sheria: wizi ukifanywa kwa kutumia nguvu huwa unyang'anyi, na ridhaa iliyopatikana kwa nguvu si ridhaa huru. Kumwambia wakili mtarajiwa kwamba nguvu zake zitapimwa ni kumpoteza njia.

Pili, uwezo. Neno hili ni pana mno, na sheria imekwisha kulitumia kwa uwezo wa mtu kuingia katika mkataba. Zaidi ya hayo, laonyesha kwamba mtu aweza. Halionyeshi kwamba apenda.

Tatu, kipaji. Hiki ni kitu alichojaliwa mtu, ilhali sehemu kubwa ya uwakili hupatikana kwa mazoezi.

Hasara ya istilahi mbaya humwangukia mwombaji. Tumchukue kijana wa Tunduma aliyemaliza mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Mji wake upo mpakani na Zambia. Kituo cha kutoa huduma kwa pamoja kilizinduliwa hapo mwaka 2019, na Kinyamwanga husemwa pande zote mbili. Akiambiwa nguvu, atakariri sifa: shupavu, hodari, mchapakazi. Akiambiwa uwezo, atapanga vyeti. Kumbe maandalizi yampasayo ni kujichunguza: ni kazi ipi huianza bila kusukumwa? Je, ni kupitia hati za forodha mstari kwa mstari hadi kosa lionekane, au kuwaketisha wafanyabiashara wawili waliogombana na kuwafafanulia mkataba kwa lugha waielewayo? Na ipi humchosha, ingawa aiweza? Majibu ya namna hii hayakaririki.

Twapendekeza uelekevu. Mwelekevu ni mtu ashikaye jambo upesi, na kitenzi elekea chatuonyesha mtu aliyegeuza uso upande fulani. Hivyo neno moja labeba kuweza na kupenda. Huenda ikasemwa kwamba litachanganywa na mwelekeo. Hatuoni hivyo. Mwelekeo ni wa njia au wa sera; uelekevu ni sifa ya mtu, nao umeundwa kwa kanuni ile ile iliyotupatia usikivu kutokana na sikia, na utulivu kutokana na tulia. Basi tuseme usaili wa uelekevu; msaili na msailiwa tunao tayari.

Istilahi haikamiliki mezani pa mwanaistilahi. Mawakili, waajiri na waombaji, wa Vwawa na Tunduma sawa na wa Dar es Salaam, hawana budi kuijaribu vinywani mwao kabla haijasanifiwa. Maoni yao twayangojea.