Mahadhi ya Aliyeuacha Uhandisi

Katika fani zote ninazozijua, fani ya kutunga mahadhi ndiyo ninayoistaajabia zaidi. Kwani mshairi huweza kukuonyesha karatasi yenye maneno yake, na mchongaji huweza kukushika mkono akakupeleka mbele ya mlango alioutia nakshi, lakini mtunga mahadhi hutoa kitu kisichoshikika wala kuonekana, ambacho kikishamtoka huwa ni mali ya kila mwenye koo. Aliyenifunza kuitukuza fani hii kuliko wengine wote si mtu wa pwani yetu, na siku ya kwanza nilipomsikia sikuelewa hata neno moja la Kireno alichokiimba. Huyo ni Ivan Lins wa Rio de Janeiro, katika nchi ya Brazili, mpiga piano, mwimbaji na mtunzi, aliyeuacha uhandisi.

Alizaliwa mwaka 1945, mwana wa mhandisi wa jeshi la wanamaji, na sehemu ya utoto wake aliipitisha Boston, Marekani, baba yake alipokuwa masomoni huko. Uhandisi basi ulikuwa kama urithi wa nyumbani, naye hakuudharau, bali aliusoma kwa upande wa kemia katika Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Rio de Janeiro hata akahitimu; ila piano ilikuwa imekwisha kumteka. Alianza kuipiga akiwa na umri wa miaka 18 hivi, umri ambao mtoto aliyelelewa na mwalimu wa muziki aghalabu huwa amekwisha kuyamaliza madaftari yake, na alijifunza kwa sikio. Rai yangu ni kwamba kuchelewa huko ndiko kulikompa sauti yake. Msikilize mkono wake wa kushoto: hauendi pale sikio linapoutazamia, bali hushika nota ya chini iliyo kama mgeni mbele ya zile za mkono wa kulia, hata sauti zote pamoja zikaning'inia mfano wa jahazi lililofunguliwa kamba moja na bado limeshikwa na ya pili, na kabla sikio halijatulia, wimbo mzima umekwisha kuhamia ufunguo mwingine bila ya kubisha hodi. Aliyefundishwa mapema angaliambiwa kwamba haifai.

Mwaka 1970 alishika nafasi ya pili katika Tamasha la Kimataifa la Wimbo mjini Rio, na katika siku hizo hizo Elis Regina, ambaye kwangu hana kifani katika waimbaji wa Brazili, akauchukua wimbo wake uitwao Madalena na kuutia katika masikio ya nchi nzima.

Lakini wimbo ninaotaka kukaa nao ni Começar de Novo, yaani Kuanza Upya. Maneno yake yaliandikwa na Vitor Martins, sahibu yake wa kazi kwa miaka mingi, na mwaka 1979 ulisikika kwa sauti ya Simone katika mchezo wa televisheni ulioitwa Malu Mulher, uliosimulia habari za mwanamke aliyeachana na mumewe akashika njia yake mwenyewe, katika nchi iliyokuwa chini ya utawala wa wanajeshi tangu 1964, na ambayo sheria yake ilikuwa haijaruhusu talaka hata kufikia mwisho wa mwaka 1977. Mahadhi yake ni ya vifungu vifupi vifupi, kama mtu anayejipa moyo hatua kwa hatua gizani, na kila kifungu kikitua, piano huibadili ardhi iliyo chini yake.

Kisha Alan na Marilyn Bergman wakayavika mahadhi hayo hayo maneno ya Kiingereza, na wimbo ukaitwa The Island, habari ya wapendanao wawili kisiwani. Naye Sarah Vaughan akauimba katika sahani yake ya mwaka 1982. Kwetu sisi, mshairi huleta shairi lililokwisha kukamilika vina na mizani, na fundi wa taarab akalitafutia muziki. Huku ni maneno yaliyokuja kubisha hodi kwenye nyumba iliyokwisha kusimama, nayo ikawakaribisha mwanamke anayeuacha mlango wa mume na mwanamke anayemfungulia mpenzi wake, wala nguzo moja haikuhitaji kuhamishwa. Nimezipiga sahani hizo mbili moja baada ya nyingine mara zisizo na idadi, na kila mara nimesadiki zote mbili.

Wengine waliokuja kuchota kwa Lins ni wengi. Quincy Jones na George Benson walimwendea mapema. Sting alipata tuzo ya Grammy mwaka 2001 kwa kuimba wimbo uliotoka kwake. Na mwaka 2005 Cantando Histórias, ya Lins mwenyewe, ilitwaa tuzo ya albamu ya mwaka katika Grammy za Kilatini, nayo ni ya kwanza ya Kireno kuitwaa.

Hata hivyo, usiku nikiwa faraghani, huwaacha wote hao nikamsikiliza yeye. Koo lake si pana kama la Simone, wala halina zile ngazi za Sarah Vaughan. Huimba kwa ukaribu, kama anayeujaribu wimbo alioumaliza jioni hiyo, na maneno yakimwishia huendelea kwa sauti tupu zisizo na maana katika lugha yoyote. Chini yake mkono wa kushoto huenda ukaitafuta ile nota ngeni, nami huiweka kalamu mezani nikangoja mpaka uifikie.