Heko, Walimu wa Shule ya Jumapili

Nawapongeza walimu wa shule ya Jumapili wanaomuuliza mtoto, "Wimbo huu umekugusa wapi?" kisha wakatulia wamsikilize. Kitabu cha nyimbo za kanisani cha Tenzi za Rohoni tumezoea kukiona kikiwa na maneno matupu, bila noti. Tuni wengi wetu tumezipokea vinywani mwa bibi na mama, ndiyo maana kila ubeti una mwenyewe: huyu aliusikia msibani, yule jikoni mboga zikichambuliwa. Heko pia kwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991, kwa kuwapatia watoto hadithi za Kiswahili. Mtoto anayefunga kitabu akabisha kwamba sungura amekosea, huyo amesoma kweli. Asikatizwe. Na mwenzake aliyemlilia fisi, naye apewe nafasi ya kueleza.