Kinjeketile Akipanda Jukwaani Abuku

Walimu wengi wanaofundisha tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) huanza na maudhui: umoja, unyonyaji wa wakoloni, imani na vita. Uigizaji hubaki kuwa jambo la mwisho, dakika kumi za kusoma kwa sauti kabla ya kengele. Katika makala haya tunapenda kuugeuza utaratibu huo. Tunaipeleka tamthilia hii Abuku, wilayani Koboko, na kuuliza: mwigizaji wa huko aifanyie nini?

Hatukuichagua Abuku kwa kubahatisha. Koboko, iliyomegwa kutoka wilaya ya Arua mwaka 2005, ni nchi ya Wakakwa, huko Uganda inakopakana na Kongo na Sudan Kusini. Maji ya Kinjeketile yalitolewa Ngarambe, kusini mwa Tanzania ya leo, lakini West Nile nayo ina maji yake. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, mganga wa Kikakwa aitwaye Rembe aliwanywesha watu maji ya Yakan, ambayo wengine waliyaita maji ya Allah. Walioyanywa waliamini kwamba risasi za Wazungu zingegeuka kuwa maji. Rembe alikamatwa, akauawa Yei mwaka 1917. Kinjikitile Ngwale, ambaye Hussein alimjengea mhusika wake, alikuwa amenyongwa na Wajerumani mwezi wa Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza.

Kwa hiyo hadhira ya Abuku haihitaji kuelezwa maji hayo ni nini. Mwanafunzi wa Kampala akimwona mganga jukwaani anaweza kucheka. Hapa huenda yupo mzee aliyesimuliwa habari za Rembe na babu yake mwenyewe, tena si kama mzaha.

Sasa tutazame jinsi mhusika huyu anavyochezwa kwa kawaida. Kijana hupewa nafasi ya Kinjeketile kwa sababu ana sauti kubwa. Hujifunga shuka nyeusi, hushika usinga, hutoa macho, hutetemeka, halafu hupiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho. Hadhira hufurahi, mwalimu naye hutoa alama nzuri. Sisi tunaona kwamba huo ni uvivu. Mtu anayepiga kelele tangu mwanzo hana pa kupanda, na hapo tamthilia hubomoka, kwa sababu Hussein hakuandika mtu mmoja mwenye sauti moja.

Fikirieni onyesho la mtoni. Kinjeketile anavutwa na mzimu wa Hongo, anatambaa hadi majini, na baadaye anatoka akiwa mkavu. Anasema maneno makubwa, na miongoni mwake yamo haya: kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said. Watu wanashangilia. Baadaye, akiwa amerudi katika akili zake za kila siku, anatambua maana ya kauli ile: kumfukuza bwana mmoja na kujipeleka kwa bwana mwingine. Anaogopa. Neno lilitoka kinywani mwake, lakini sasa limemzidi nguvu, na wenzake hawako tayari kulirudisha.

Hapo ndipo kazi ya mwigizaji ilipo. Ni lazima tuwaone watu wawili katika mwili mmoja, na tuwatambue kabla hawajafungua kinywa. Tunapendekeza jambo dogo ambalo mwanafunzi yeyote anaweza kulifanyia mazoezi: pumzi. Kinjeketile wa Hongo apumue kutoka tumboni, polepole, sentensi nzima kwa pumzi moja, asimtazame mtu yeyote. Kinjeketile wa nyumbani apumue juu juu, kifuani, akatize maneno, amtafute Kitunda kwa macho. Kelele hazihitajiki. Uwanjani, chini ya mwembe, watu wakiwa wameketi pande tatu, sauti ya chini yenye pumzi nzuri hufika mbali kuliko ukelele uliokauka koo. Asiyeamini ajaribu.

Mwili nao una lugha yake, na Uganda ina urithi katika jambo hili. Robert Serumaga na kikundi chake cha Abafumi, katika miaka ya 1970, walijenga michezo kama Amayirikiti (1974) juu ya mwili, ngoma na ishara zaidi ya maneno, kwa sababu maneno yalikuwa ya hatari. Byron Kawadwa, aliyeandika kwa Kiganda, aliuawa mwaka 1977 baada ya kurejea kutoka kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos. Tunapowaambia wanafunzi kwamba kuigiza ni mchezo tu, tunawaficha historia hii.

Linabaki suala la lafudhi, ambalo ndilo linalotukera zaidi. Katika vichekesho vingi vya Uganda, Kiswahili hupewa askari, mwizi na mlinzi wa lango. Mhusika akisema Kiswahili, hadhira hujua kwamba kuna mtu atakayepigwa. Sababu zinajulikana: Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi tangu enzi za Waingereza, na Idi Amin, aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, alitawala kwa bunduki. Amin mwenyewe alihesabiwa kuwa Mkakwa wa Koboko, na baada ya kuanguka kwake mwaka 1979 watu wa West Nile waliadhibiwa kwa makosa ambayo wengi wao hawakuyatenda. Maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Mwaka 2005 Kiswahili kiliingia katika Katiba kama lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Jukwaani bado kimevaa buti.

Mpeni basi mwongozaji wa kawaida mwanafunzi wa Abuku, ambaye Kiswahili chake kina ladha ya Kikakwa na Kinubi. Atampa nafasi ya askari wa Kijerumani. Atajitetea hata kwa historia, maana ni kweli kwamba Wajerumani waliajiri askari kutoka Sudan, ndugu wa hao waliozaa jamii ya Wanubi wa Uganda. Lakini matokeo yake ni nini? Kijana huyu atapanda mbele ya watu wake na kucheza kitisho kile kile ambacho taifa zima limezoea kumvika.

Sisi tunasema apewe Kinjeketile. Apewe na Kitunda, mpiganaji mwenye mashaka, ambaye kwa maoni yetu ni mhusika mgumu zaidi kumwigiza kwa sababu husikiliza kuliko kusema. Lafudhi yake isifutwe. Pwani yenyewe haina lafudhi moja, na Mmatumbi wa mwaka 1905 hakuzungumza kama mtangazaji wa redio. Sarufi isahihishwe, ndiyo. Upatanisho wa ngeli ukivurugika hadhira ya walimu itacheka mahali pasipofaa. Ila wimbo wa sauti tuuache. Nafasi ya askari apewe mwanafunzi aliyekulia Kiswahili sanifu, mwenye matamshi safi ya kitabuni, tuone hadhira itamwogopa vipi.

Onyesho la gerezani ndilo litakalotupa jibu. Kinjeketile amepigwa, vita vimeshindwa, na anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Waigizaji wengi hulitoa jibu hilo upesi, kwa fahari ya shujaa. Mwigizaji wa Abuku asiharakishe. Kati ya swali na jibu awatazame walioketi mbele yake, mmoja mmoja, hadi wakae vibaya mikekani, na askari mwenye Kiswahili safi arudie swali lake mara ya pili.