Penseli ya Kingdon
Jonathan Kingdon alizaliwa Tabora mwaka 1935, akafundisha sanaa Makerere. Wachoraji wengi wa wanyama humaliza kazi kwenye ngozi. Yeye alipasua mizoga, akachora hata misuli na mifupa. Ndivyo zilivyojaa juzuu saba za East African Mammals, 1971 hadi 1982.

Anayenivutia zaidi ni panya wa kishungi aliyemchunguza. Mwaka 2011 Kingdon na wenzake walieleza kwamba panya huyo hutafuna gome la mti wa sumu ya mishale, kisha hujipaka mate ubavuni, kwenye nywele zinazofyonza kama sifongo. Mbwa akimng’ata, anaweza kufa. Jicho la mchoraji hilo, linalouliza: mbona nywele hizi ziko hivi?